Vichwa Mia Moja Kwa Mamake Mwende

Leo nimeaibika ukweni. Na ukweni kwenyewe bado si ukweni.

Sikilizeni. Mimi hulenga shabaha kilabuni, cheti ninacho, kila kitu halali (polisi walikuja hadi kunikagulia kabati la bunduki). Sasa nimeamua kujifunza kujitengenezea risasi mwenyewe, na asubuhi nikaenda dukani kuchagua vifaa. Nikamwambia mzee wa duka nataka risasi. Akaniuliza, sehemu gani ya risasi? Kumbe sisi tunasema risasi tukamaliza, wao wana vitu vinne: kichwa, ganda, baruti, na fataki ya kuiwasha hiyo baruti. Nikachagua kwa macho, kama anayenunua nyanya. Vichwa mia moja, kwa sababu vinang'aa. Maganda nikachukua yaliyokwisha kutumika. Baruti na fataki mzee akaninyima, akasema nisome kitabu kwanza. (Mungu ambariki huyo mzee.)

Nikarudi kwangu Lewisham. Nikauweka mfuko wa duka mezani, kando ya mfuko mwingine wa buluu kama huo, wa zawadi, wenye sukari, majani chai na unga wa chapati. Saa nane nilitakiwa Croydon kwa mamake Mwende, msichana ninayetaka kumwoa, mara ya kwanza kabisa. Mwende alikuwa amenionya: mama akikukataa siku ya kwanza, hiyo imeisha. Nilikuwa nimechelewa. Nikanyakua mfuko, nikakimbilia treni.

Mama akaupokea kwa mikono miwili. "Woi, mwanangu, mbona umejisumbua hivi? Ni mzito."

"Ni kidogo tu, Mama."

Mjomba wa Mwende ni mchungaji. Akasema tuushukuru mkono uliotoa. Tukasimama. "Ee Bwana, mbariki aliyeleta. Na hivi alivyoleta, uvizidishe mara mia."

"Amina," nikasema, kwa sauti kuliko wote.

Mdogo wake Mwende, aliyezaliwa hapa hapa London, akaumwaga mfuko mezani atafute sukari ya chai. Vyuma vikalia kama kengele. Akatazama.

"Mum, it's bullets."

Nyumba nzima ya Wakamba ikanigeukia mimi. Mimi mwenyewe nilishtuka kuliko wenyeji.

"Mama, hizo si risasi," nikasema haraka. "Ni vichwa tu."

"Vichwa vya nani?"

"Si vya mtu, Mama. Vinaingia kwenye haya maganda. Na maganda hayana neno, yameshatumika."

(Ulimi, nani alikutuma?)

"Yametumika kwa nani?"

Mjomba akavuta kiti chake nyuma polepole, mpaka ukutani. Mwende akaanza kueleza kwa Kikamba, kwa muda mrefu. Mimi nilishika mambo mawili tu: jina langu, na neno "mjinga". Hilo la pili lilirudi mara tatu. Nikaona ndoa yangu inaondoka na treni ya saa tisa.

Chai ikaletwa, bila sukari. Tukainywa hivyo hivyo, kila mtu akitazama kikombe chake. Sikuthubutu kusema ni chungu.

Nikaaga mapema. Mama akanisindikiza hadi mlangoni, akanirudishia mfuko wangu ukiwa umefungwa mafundo mawili.

"Jumapili uje tena," akasema. "Lakini wewe, mwanangu, uje mikono mitupu."