Malalamiko Kuhusu Gramu Mia Tatu na Kumi Zinazopotea Kwenye Kila Kikombe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshiba. Mimi ni mzima kiasi, ila sijashiba, na wa kulaumiwa ni wewe.

Nijitambulishe. Mimi ni karani mstaafu wa posta. Nimekaa dirisha namba tatu, la vifurushi, miaka thelathini na mmoja, nikipima mizigo ya watu bila mtu hata mmoja kuitilia shaka mizani yangu. Mwezi uliopita mke wangu alipanda kigoda kutafuta trei ya keki juu ya kabati, akateleza, akavunjika mkono wa kulia. Amewekwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Binti yetu ni nesi, na tangu apate kazi hiyo sote humu ndani tumekuwa wagonjwa wake. Alisimama mlangoni pa jikoni akaniangalia nikitafuta kiberiti nilichokuwa nimekishika, kisha akasema, "Baba, nakupa mpaka Jumamosi. Ukishindwa kumlisha mama, nakuja na teksi, namchukua akae kwangu mpaka apone."

Sasa mke wangu asubuhi hali kitu kingine zaidi ya chai na kipande cha keki aliyoioka nyumbani. Keki yenyewe ameiandika kwenye daftari lake kwa vikombe na vijiko. Mimi vikombe sivijui, najua gramu. Ndipo nikakata lile jedwali lako la kugeuza vikombe kuwa gramu, nikalibandika kwenye friji, nikaleta mezani mizani niliyozawadiwa siku ya kuagwa kazini. Yaliyofuata nayaorodhesha kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

1. Unga. Jedwali lako linasema kikombe kimoja ni gramu 125. Nilijaza kikombe cha mke wangu, kile kizito cha udongo, nikasawazisha kwa kisu kama ulivyoelekeza, nikakiweka juu ya mizani. Gramu 435. Nilirudia mara nne, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Na usije ukaniletea habari za uzito wa kikombe. Posta kifurushi hupimwa pamoja na sanduku lake, karatasi yake na kamba yake. Kilichowekwa juu ya mizani ndicho kilichopimwa, na aliyetaka kubishana nilimwelekeza dirisha namba tano.

2. Sukari umeandika 200, mimi nimepata 510. Siagi umeandika 225, nimepata 535. Asali umeandika 340, nimepata 650, na meza bado inanata. Toa hesabu yako kwenye yangu uone mwenyewe: kila mara zinapungua gramu 310, si zaidi, si pungufu. Mwizi wa kawaida hudokoa kidogo hapa na kingi pale, kutegemea tamaa yake. Wewe unadokoa kiasi kilekile kwenye unga na kwenye asali, bila upendeleo. Ili kukupa nafasi ya kujitetea, nilipima hata kikombe kitupu. Nacho kilitoa gramu 310. Jedwali lako halina mstari wa kikombe kitupu. Naomba kujua unaficha nini.

3. Ubaguzi. Kikombe ni kilekile, mkono uliojaza ni uleule, lakini kwako unga una uzito wake, sukari wake na asali wake. Ukaona haitoshi, ukaandika kwamba unga uliochekechwa una gramu 115, na ulioshindiliwa 150. Sijawahi kuona mteja akitikisa kifurushi chake nje ya posta ili kipungue uzito, na angekitikisa ningemwitia mlinzi.

4. Vijiko. Hapa ndipo uliponimaliza. Kijiko kimoja cha chumvi umesema ni gramu 6. Mizani yangu, kijiko kikiwa juu yake, ilisema 36. Kwa kuwa nilikuwa sikuamini tena hata kidogo, nilipika kwa hesabu zangu. Nilimimina juu ya gazeti, moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, gramu 870 za unga, maana daftari linasema vikombe viwili. Nikafuatisha sukari, siagi na zile gramu 36 za chumvi. Baking poda nayo nikaipima kwa haki hiyohiyo. Keki ilipanda mpaka ikafungua mlango wa oveni yenyewe, ikachungulia, ikaanguka. Mke wangu alikata kipande kwa mkono wa kushoto, akakitafuna kwa muda mrefu huku akitazama dirishani, akasema kina ladha. Hakusema ladha ya nini. Keki ya pili aliiazima jirani yetu seremala kuzuia mlango wa karakana yake. Aliirudisha jioni kwa toroli na kwa heshima zote, akasema kwa mikono imemshinda kusogeza.

Ndugu Mhariri, niseme ukweli, naogopa. Nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, na sauti hiyo si yangu. Mke wangu akiondoka, nani ataniuliza kwa nini nimevaa shati kinyumenyume? Nitalivaa hivyohivyo mpaka arudi. Nilikaa miaka yote hiyo nikiwatumia watu mizigo kwa watu wao walio mbali, na wangu mwenyewe sitaki asafirishwe, hata kwa mtaa mmoja, kwa ajili ya jedwali.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, uniombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi zisizopungua za habari za mpira.

Pili, uishauri serikali itangaze kwamba kikombe ni gramu 435, kiwe na unga, asali, manyoya ya kuku au hewa tupu, na anayetaka asali iwe nzito zaidi ajieleze kwa maandishi.

Tatu, kama hayo hayatawezekana kabla ya Jumamosi, umwandikie binti yangu barua yenye mhuri, ukiri kwamba baba yake hana kosa. Ukikosa mhuri, uje mwenyewe saa nne asubuhi, usimame kati ya mke wangu na teksi.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga picha, wachapaji, mlinzi wa getini, na msahihishaji wenu kama bado mnaye.

Wako, mwenye njaa lakini mwenye vipimo kamili,

Karani Mstaafu wa Vifurushi, Dirisha Namba Tatu

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu mke wangu aliomba aisome kwanza. Alicheka mpaka akaishika plasta. Kisha akabonyeza kitufe fulani kwenye mizani yangu, kikombe kitupu kikiwa juu yake, na mizani ikasema sifuri. Tafadhali futa malalamiko yote manne. Jedwali lako ni sahihi mpaka gramu ya mwisho. Ningeichana barua, ila nimeshaibandika stempu. Leo ni Jumamosi. Nimeoka upya kwa gramu zako, keki imetoka laini, binti yetu amekula vipande vitatu na teksi imeondoka naye peke yake. Alipokwisha kwenda nikamuuliza mama yake amelijua kosa langu tangu lini. Akasema, "Tangu keki ya kwanza. Ningekwambia, ungepatia siku hiyohiyo, halafu ungerudi barazani na gazeti lako. Lini umewahi kukaa na mimi jikoni kutwa nzima?" Plasta inatolewa baada ya wiki tatu. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, sasa nina ombi moja tu, na ninaliomba kwa dhati kuliko yote niliyoandika hapo juu: katika toleo lijalo chapisha jedwali jipya, na kwenye siagi ukosee kidogo.