Kaburi la Babu Ufukweni

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wamepiga X nyekundu kwenye mgahawa wangu! Kalinga Lake View: chai, chapati na samaki mbasa wa kukaanga, fahari ya ufuko wote huu wa Ziwa Nyasa. Gati jipya la boti limekwisha, stendi imekwisha, njia ya watembea kwa miguu imefika mlangoni kwangu. Imebaki bustani ya watu kupumzika. Inapita jikoni kwangu.

Bibi Veneranda, mhandisi wa mradi, kasema tulitangaziwa tangu mwaka jana tujiandikishe kupata vibanda vipya karibu na gati. Ni kweli. Nilikataa. Mhehe hapangi foleni kwa ajili ya kibanda! Jirani yangu Jailos, muuza usipa, dagaa wa ziwa letu, alijiandikisha. Leo kutwa anatembea na ufunguo shingoni kama medali.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata akili. Bibi Veneranda mwenyewe kasema mkutanoni: majengo wanabomoa, lakini kaburi hawaligusi mpaka ndugu wa marehemu akubali. Basi! Nyuma ya jiko kuna kaburi. Ndugu ni mimi. Sikubali.

Nimelijenga asubuhi, Jailos akiwa mnadani. Tuta zuri, mawe kandokando, saruji juu, msalaba mweupe. Kaburi lisilo na jina halina heshima, kwa hiyo nimeandika jina la mwanaume hodari kuliko wote katika ukoo wetu: Mzee Bartholomeo Kalinga, babu yangu mzaa baba. Kasoro ni moja tu. Babu yuko Idodi, mzima, anachunga ng'ombe. Lakini Idodi ni mbali.

Mke wangu Tupokigwe kalitazama kaburi, kanitazama mimi, kaenda kuchota maji. Akili yangu imemzidi.

Jumamosi, 7 Septemba

Ushindi! Bibi Veneranda kaja, kavua helmeti, kainamisha kichwa mbele ya msalaba. Mafundi wameondoka na tingatinga lao. Jailos kaja kunipa pole, sura imemshuka. Kasema hakujua kama nina mzee amelala hapa. Nikamjibu kuwa sisi watu wa koo kubwa hatujitangazi.

Jumapili, 8 Septemba

Hili sikulitegemea. Wakwe zangu wamesikia. Kwa Wanyakyusa msiba wa ukweni haupiti kimyakimya. Mama mkwe kaja na kinamama wa ukoo mzima, wanalia tangu barabarani, na nyuma yao ngoma. Kasema ni aibu kubwa: mzee wa mkwe wao amelala mlangoni pao na hakuna aliyemlilia. Wamekuja kuifuta aibu hiyo. Wamekuja na mikeka na ndizi. Kitoweo, kasema, ni juu ya mfiwa.

Mbasa wote wamekwisha. Nimelia sana, na watu wamesifu kilio changu. Nilikuwa nawalilia mbasa. Hata hivyo niseme ukweli: msiba mkubwa namna hii haujaonekana ufuko huu. Babu angefurahi.

Jumanne, 10 Septemba

Bado wapo. Leo wamehamia kwenye majogoo yangu. Mama mkwe kauliza kama ndugu wa Idodi wamepewa pole. Nikasema kule mtandao hausomi. Kasema unasoma, ameshawapigia, namba kapewa na Tupokigwe. Kapokea mzee mmoja mwenye adabu sana. Kashukuru, kauliza aliyefariki ni nani. Alipotajiwa jina kaomba litajwe tena. Kisha kasema anakuja, maana mtu kama huyo lazima azikwe vizuri.

Sijala. Na hakuna cha kula.

Alhamisi, 12 Septemba

Babu kashuka kwenye basi na fimbo yake. Kinamama wakamwangukia kwa kilio. Akalia nao kidogo, kwa heshima, akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa kila mtu, akaomba kuoneshwa kaburi. Akasoma msalaba polepole. Akasema herufi zimepinda. Mama mkwe akamuuliza anahusiana vipi na marehemu. Babu akasema wamekua pamoja, akatoa kitambulisho chake cha NIDA.

Ngoma zikanyamaza. Mama mkwe akafunga khanga kiunoni. Mimi nikaingia ziwani mpaka kifuani.

Nikiwa humo nilimsikia Bibi Veneranda akimuuliza babu, akiwa ndugu wa marehemu, kama anakubali kaburi liondolewe. Babu akasema anakubali, na marehemu pia anakubali. Tingatinga likapita jikoni kabla sijatoka majini. Meza zile nilizipigilia misumari kwa mkono wangu mwenyewe. Niliumia, sitaficha. Na Bibi Veneranda kasema vibanda vyote vina wenyewe.

Jumamosi, 21 Septemba

Ufunguzi! Boti imetia nanga gatini, abiria kutoka upande wa Ludewa wameshuka bila kulowa magoti, watoto wanakimbia kwenye nyasi palipokuwa jiko langu. Babu kakaa kwenye benchi la bustani na amekataa kurudi Idodi.

Na sisi tuna kibanda! Tupokigwe alijiandikisha mwaka jana, siku moja na Jailos. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alikuwa anasubiri nimalize kufiwa. Kibao kinasomeka Kwa Tupokigwe. Mimi ni mshauri mkuu. Naosha vyombo pia.

Lakini tuseme haki: nani aliyewatia adabu watu wa mradi? Nani aliyeufanya ufuko huu ujulikane mpaka Tukuyu? Mji wetu sasa una bandari, una bustani, na una mtu mwenye maono.

Tatizo limebaki moja. Ukitoka gatini unaanza kwa Jailos, ndipo uje kwetu. Nimeshapata ubao na rangi nyekundu. Kesho asubuhi nauchomeka kwenye maji mbele ya kibanda chake: HATARI, MAMBA. Mamba mmoja tu, wa kwa Jailos. Kwetu hafiki.