Nguruwe Wangu Atambuliwe Kuwa Kondoo

Hoke wangu anaoa! Ndiyo, huyu huyu Hoke niliyemzaa mimi, anayesoma Kitabu bila kufuata maneno kwa kidole, na akiimba besi hata pomboo wa visiwa vyetu vya Marovo hutulia.

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, shikamoo. Nisamehe, furaha imenitangulia mlangoni. Hujambo wewe na mashua yako? Sisi hapa Petuvana hatujambo, ila harusi ndiyo mgonjwa.

Bibi harusi ni Lepa, binti mchapakazi, hana kasoro ila moja: baba yake. Mzee Ghoda ni Msabato wa ng'ambo ya maji, nasi ni Wamethodisti. Kitabu ni kimoja, Yesu ni mmoja, hata nyimbo ni zile zile, wao wanaziimba haraka kidogo tu. Lakini Hoke ameniambia, "Mama, mwezi huu ukiisha hamjapatana, nakunja mkeka wangu nahamia kwa akina Lepa, nasali Jumamosi." Mwanangu wa pekee, Bwana Mkuu! Besi yote ya kanisa letu ivuke maji! Basi pokea malalamiko yangu, nimeyapanga kwa namba kama tulivyofundishwa darasa la tatu, ndiko nilikoishia.

1. Siku. Mzee Ghoda hataki harusi Jumamosi, wala Ijumaa jioni, maana Sabato yao huanza jua likizama. Mhubiri wetu naye hataki Jumapili, wala hataki mawe ya kuchomea chakula yapate moto siku hiyo. Tunavutana juu ya siku hizo mbili tangu msimu uliopita wa njugu za mti wa ngali.

2. Shoka. Kila Jumapili mhubiri wetu akifumba macho tu, kule ng'ambo mzee Ghoda anachonga mtumbwi. Ko! Ko! Siku hizi mhubiri husubiri ko ndipo aseme Amina. Nilivuka kulalamika, akanijibu, "Mama Hoke, na jana mimi nikiwa magotini, nani alikuwa akiita kuku kama anayeita watu wazime moto?" Ni mimi, sikatai. Lakini kuku wangu hawajui Jumamosi.

3. Kaa. Nilimpelekea mzee Ghoda zawadi ya kaa wa mikoko, kikapu kizima, wanene. Nilisahau kabisa kwamba Wasabato hawali kaa. Mzee akawatazama, nao wakamtazama, akauliza, "Mama Hoke, hawa niwale au niwaombee?" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Nilirudi na kaa wangu, nimenuna kuliko wao.

4. Na hili ndilo kubwa. Nina nguruwe. Nimemlisha nazi miaka minne, nikamwita Bwana Mkuu kwa heshima yako, kwa kuwa naye akipita watu hupisha. Harusi ya Petuvana bila nguruwe si harusi, ni watu wamekutana. Mzee Ghoda anasema nguruwe akiingia karamuni, Lepa anatoka.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu utuandikie cheti chenye mhuri kwamba nguruwe wangu ni kondoo. Kondoo anaruhusiwa, nilimuuliza mzee mwenyewe. Hapa Marovo tunasikia habari za kondoo kila wiki, wao Jumamosi, sisi Jumapili, lakini hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Nani atabisha? Serikali iliyoweza kuvipa visiwa vyetu majina mapya haishindwi kumpa jina jipya nguruwe mmoja. Na kwenye cheti hicho hicho, nafasi ikibaki, andika kwamba mwaka huu Jumamosi na Jumapili ni siku moja.

Msalimie mkeo, makarani, mpishi, na yule askari aliyeteleza gatini kwetu.

Ni mimi, mwenye furaha iliyokwama,
Vivili, mama yake Hoke.
Petuvana, 8 Juni 1931

Nyongeza: Barua hii imesubiri mtumbwi siku tatu, na mambo hayakusubiri. Lepa amevuka, ameisoma yote, amecheka, kisha akahesabu kwa vidole: "Mama, Mungu alituachia siku nyingine tano." Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amezifikiria, hata mhubiri. Kuhusu kondoo: alivunja zizi akaogelea hadi ng'ambo, si mjinga, anajua wapi haliwi. Nilipomfuata nilimkuta mzee Ghoda anamkuna mgongo. "Mwache, Mama Hoke," akasema, "huyu ameongoka." Nilikwenda na kamba, nikarudi nayo mkononi. Kumbe nilikuwa nampenda. Tutakula kuku na jodari. Hoke anabaki kwetu na besi yake. Shoka litalala Jumapili, nami Jumamosi kuku nitawaita kwa kunong'ona. Cheti usilete. Njoo wewe, na wote niliowasalimia: Jumatano, tarehe kumi na saba.