Malkia wa Kopo la Poda

Jumatatu, 3 Novemba

Wateja leo: mmoja. Naye aliingia kuuliza kinyozi wa ng'ambo ya barabara anafungua lini.

Kinyozi wa ng'ambo ni Mtanashati. Ana jina lake la kuzaliwa lakini silitaki ndani ya shajara hii. Tangu atundike televisheni kubwa kama mlango, mtaa mzima unanyolewa kwake huku ukitazama mpira. Mimi nina redio. Nina pia kiti kinachozunguka, ambacho siku hizi nakizungusha mwenyewe, nikiwa nimekaa.

Jioni mke wangu alisema mambo waziwazi, huku akikunja nguo. Kaka yake, shemeji yangu mwenye duka la magodoro, anatafuta mtu. Wiki hii kiti changu kisipopata watu, nafunga kibanda na kwenda kwa shemeji. Nikauliza kazi gani. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kazi yenyewe ni kuvaa godoro. Kuna vazi maalumu lenye matundu ya mikono na kofia ya mto. Anayelivaa anasimama mlangoni na kucheza ili wapita njia wavutike.

Mimi! Niliyenyoa mabwana harusi! Niliyenyoa wakuu wa shule mbili tofauti! Sivai godoro.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Redio imetangaza kwamba fainali ya ubingwa wa dunia wa sataranji inaanza kesho na kuisha Jumapili. Bingwa dhidi ya Mshindani. Mtangazaji atasoma kila hatua. Na mchezo mmoja, kasema kwa kinywa chake, unaweza kuchukua masaa matano.

Masaa matano! Mpira ni dakika tisini, mtu ananyolewa na kwenda zake. Anayefuatilia sataranji ananyolewa anapoingia, anakaa, anakaa, na anapotoka ndevu zimeshaanza kuota upya. Namnyoa tena. Sielewi kwa nini vinyozi wa dunia nzima hawajaliona hili.

Kasoro ni moja tu. Sijui sataranji. Nilikwenda kuazima ubao kwa Mwalimu, mzee mstaafu wa nyumba ya tatu. Aliniuliza kama ninamtania. Nilipomwambia sitanii, machozi yakamlengalenga. Kumbe miaka yote amekuwa akitafuta pa kukaa na wenzake kufuatilia fainali. Nikamwambia awalete wote, asibakize mtu.

Ubao umepungukiwa kete moja, malkia mweupe. Nimeweka kopo langu la poda ya shingoni mahali pake. Limesimama kwa heshima zote.

Nilimweleza mke wangu mpango mzima. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye nguo zake. Naona akili yangu imemtisha.

Jumatano, 5 Novemba

Pamejaa! Mchana wameingia Mwalimu na wenzake wanne. Viti vimekwisha, benchi limekwisha. Mtanashati alitoka mpaka barabarani kuhesabu vichwa. Nikampungia mkono.

Kisha wakavua kofia.

Upara. Wote watano! Na si upara wa kuanza, ule wenye matumaini nyuma ya masikio. Upara kamili, safi, kama mayai kwenye trei. Nilimuuliza Mwalimu kwa adabu kama angependa nimpunguze kidogo. Akajipapasa kichwa, akashukuru, akasema anaona bado ziko sawa.

Walikaa mchana kutwa. Mara nyingi hakuna kilichotokea. Bingwa alikuwa akifikiri, redio ikapiga muziki, wazee wakautazama ubao, nami nikawatazama wazee. Mwishowe ikawa sare. Nikauliza, yaani hakuna aliyeshinda? Wakasema hiyo ilikuwa sare tamu sana. Mmoja alijifuta macho kwa kofia.

Fundi bomba, mteja wangu wa zamani, alichungulia mlangoni, akaona hakuna pa kukaa, akavuka kwenda kwa Mtanashati. Mwenye nywele zake zote! Nilimwita lakini wazee walininyamazisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelala na tatizo, nimeamka na jibu. Upara haunyolewi, lakini unang'arishwa! Mafuta kidogo, kitambaa laini, unazungusha kama mtu anayesugua sufuria. Leo nimewafanyia bure ili wanogewe. Wamenogewa na ya bure. Hakuna aliyeulizia ya kulipia.

Lakini mambo yakatokea! Alasiri jua liliingia dirishani, likavikuta vichwa vitano vilivyong'arishwa vimekaa mstari mmoja. Mwanga ukavuka barabara na kutua katikati ya televisheni ya Mtanashati. Lilifungwa bao na hakuna aliyeliona. Wateja wake walimzomea mpaka nikawasikia huku. Akaja mbio amekunja uso, akasema niwavike wageni wangu kofia. Nikamjibu kwa upole kwamba siwezi kuwazuia wazee wa watu kung'aa. Akaondoka akiongea peke yake.

Sijanyoa mtu hata mmoja leo. Lakini sijafurahi hivi tangu mwaka uanze. Nimehamisha benchi likae sawasawa na jua.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Ilianza vizuri. Aliingia dereva wa lori, nywele za safari ndefu, kichaka hasa. Kasema kwa Mtanashati mwanga unaumiza macho. Nikamnyoa kwa mapenzi yote. Wazee wako ubaoni, Mshindani anafikiri, kimya kimetanda. Namalizia shingo. Nikanyoosha mkono bila kutazama, kama nifanyavyo siku zote, nikachukua poda.

Benchi zima likapiga kelele: malkia! Mwalimu akasimama, akasema kete ikiguswa lazima ichezwe, hiyo ndiyo sheria na haina msamaha. Nikashtuka. Nikaliminya kopo. Wingu! Dereva akapiga chafya, Mwalimu akapiga chafya, wazee wakapokezana chafya kuanzia dirishani hadi mlangoni. Humo humo ndani ya wingu nikalirudisha kopo ubaoni. Mahali pake. Au jirani na mahali pake.

Wingu likatulia. Mwalimu akaukodolea ubao macho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema maisha yake yote hajaona malkia aliyesimama mahali pa kishujaa namna hii, kwamba Bingwa alikuwa na mpango wake tangu mwanzo na dunia nzima haikuuona. Wazee wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mimi nikafuta mashine. Nilitaka kusema, naapa. Lakini walikuwa na furaha mno.

Shida ikawa redio. Mtangazaji akasema malkia amesogea kushoto. Kwetu sisi, kushoto kwa malkia alikuwa amekaa farasi wake mwenyewe. Mwalimu akasema mtangazaji amekosea. Hatua iliyofuata mtangazaji akakosea tena. Mwalimu akawa anaisahihisha redio kila inapofungua mdomo, kwa sauti ya darasani, na watu wakaanza kujaa mlangoni kumsikiliza. Hapo mori ukampanda. Akatangaza kwamba Bingwa anashinda leo, na asiposhinda, mtaa mzima umwite yeye mtoto wa darasa la kwanza.

Redio ikasema: sare.

Kisha sauti moja mlangoni ikauliza kama mtoto wa darasa la kwanza ameshafanya kazi yake ya nyumbani. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akavaa kofia polepole. Akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Akauliza kopo lilikuwa wapi kabla ya chafya. Nikasema palepale, Mwalimu, mimi naanzaje kugusa malkia wa watu?

Akatoka bila kuaga, na wenzake nyuma. Nimemwaibisha mzee mbele ya mtaa. Roho iliniuma kwelikweli, mpaka wakati wa chakula.

Jumamosi, 8 Novemba

Usaliti! Wazee wako kwa Mtanashati!

Amewavizia njiani asubuhi na kuwabembeleza. Televisheni kubwa itaonyesha sataranji, viti vyenye mito, malkia halisi. Namjua huyu. Anataka upara uwe upande wake usimmulikie tena. Na anataka aonekane amejaza kama mimi. Hana wazo lake hata moja.

Nilikaa peke yangu na kopo.

Akaingia fundi bomba. Amechukia. Kasema kule mpira umezimwa, kukohoa ni kosa, na mashine ya kunyolea imepigwa marufuku kwa kuwa inanguruma watu wakifikiri. Eti yeye alinyolewa kwa mkasi tu, kimyakimya, akaambiwa asubiri nusu ya pili baada ya Bingwa kucheza. Nikammalizia hiyo nusu. Nyuma yake akaja dereva kunyoa ndevu. Nyuma ya dereva wakaja watu ambao sijawaona tangu televisheni itundikwe. Nimenyoa mpaka vidole vimekufa ganzi. Fundi bomba alisema hapa sasa kuna raha, mtu anaweza hata kupiga soga. Nilikuwa natazama ng'ambo. Wamekaa mstari mmoja, wananyooshea kidole ubao, wanacheka.

Wale walikuwa wangu.

Jumapili, 9 Novemba

Mchezo wa mwisho. Foleni yangu imefika kwa muuza viatu.

Mke wangu alikuja kunisaidia kufungasha vitu. Akasimama mlangoni, akaangalia foleni, akachukua ufagio bila kuambiwa. Alifagia nywele zikajaa kapu, akamwaga, akafagia tena. Halafu akasema, kwa ile sauti ya zamani ya wakati wa uchumba, kwamba jioni atamwambia kaka yake atafute mtu mwingine wa godoro. Akaniita baba watoto mbele za watu. Nilitaka kulia.

Lakini jicho langu liligoma kukaa ndani. Ng'ambo, Mtanashati ameketi nje kwenye ngazi yake, mkasi mkononi, hana mteja hata wa dawa. Ndani, vichwa vitano. Ghafla shangwe! Makofi, wanakumbatiana, kofia juu. Dunia imepata bingwa. Yupi, sijui. Ninachojua ni kwamba shangwe ile ilikuwa yangu. Wazo langu! Mafuta yangu vichwani mwao! Na mwingine ndiye anayepigiwa makofi mlangoni kwake.

Nilimwacha mteja amenyolewa upande mmoja, nikavuka.

Nilimwomba Mwalimu radhi mbele ya wenzake. Nikasema yote: poda, wingu, malkia, uongo. Akasimama, akakunja mikono ya shati, nikafikiri atanipiga. Kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema kesho inaanza fainali ya wanawake, tena ni ndefu kuliko hii. Nikasema basi rudini nyumbani, kibandani kwangu. Nimewaahidi benchi la pili, malkia halisi, na kimya. Mashine sitaiwasha mtu akiwa anafikiri.

Mtanashati hakubisha hata kidogo. Alilibeba benchi la pili yeye mwenyewe mpaka kwangu, akalifuta vumbi, akaniuliza kama nitahitaji na la tatu. Mtu mwenye wivu kama yule, anatabasamu! Amekubali kwamba amepatikana.

Niliporudi, mteja wa upande mmoja alikuwa ameondoka. Mke wangu alikuwa ameshika ufagio, hafagii.

Jumatatu, 17 Novemba

Mwandiko mtanisamehe. Matundu ya mikono yamewekwa juu mno, karatasi naifikia kwa ncha za vidole. Kofia ya mto inanishukia machoni.

Shemeji ni mtu wa haki. Kasema nicheze kwa moyo na nisiegemee ukuta. Kiti changu kinachozunguka kiko kwa Mtanashati, nasikia kinazunguka vizuri. Mke wangu ananijibu kwa kichwa tu tangu Ijumaa, tulipofunga kibanda kwa kukosa wateja. Asubuhi fundi bomba alipita, amenyolewa pande zote mbili, akanibonyeza tumboni kupima ulaini, akaenda zake bila kujua ni mimi. Iliuma. Sitaficha.

Lakini nimekaa nikatafakari, kwa kadiri godoro linavyoruhusu kukaa, na nimeona tulipokosea. Kosa lilikuwa viti! Mtu hawezi kufuatilia masaa matano kwenye benchi. Hapa kuna magodoro ya kila unene, yote yamelala bure. Weka ubao mbele. Watu wafuatilie wamejinyoosha. Mchezo ukiisha, nani atakuwa na nguvu ya kuinuka na kuliacha godoro lake?

Nimeshampelekea Mwalimu salamu. Fainali ya wanawake bado inaendelea, kwa hiyo atakuja kesho na wenzake, na wanaleta wengine wapya kutoka mtaa wa pili. Nimewaambia wavue viatu tu, mengine wasijali.

Shemeji sijamwambia. Nataka furaha imkute ghafla.