Mwizi Niliyemkamata Mianzini

Ndugu zangu wa Makambako, leo nimeumbuka. Nawaandikia upesi, kabla lori la kesho halijawafikishia habari iliyotiwa chumvi.

Mnajua jicho langu la kulia. Nilikuwa nagema ulanzi, kibanzi cha mwanzi kikaniruka na kukwaruza kioo cha jicho (kibanzi kama kile cha Biblia, ila hiki kiliuma kweli). Pakawa kidonda. Mganga wa Njombe akalitia dawa, akalifunga kitambaa. Juzi amelifungua.

“Limepona,” akasema, “ila utaona ukungu kwa muda. Mianzini usiende bado.”

Ukungu? Huku kwetu nani haoni ukungu!

Shida ni mke wangu. Tangu niugue anagema yeye, na wanywaji wameanza kusema ulanzi wake mtamu kuliko wangu. Ningekaa zaidi, ningebaki mume wa mgema. Moyo uliniuma, sifichi.

Basi asubuhi nikachukua kisu, nikatoka kimyakimya. Nikavuka kijito, nikaingia mianzini. Nikakata ncha za machipukizi, moja baada ya jingine, nikiziweka sawa mbeta, vile vikombe vya mwanzi vya kukingia. Mkono haujasahau! Nikaanza na kuimba.

Mara namwona mtu wa koti jeusi ameinamisha mbeta. Anakunywa. Anakunywa! Nikamrukia, nikamkamata ukosi.

“Mwizi wa ulanzi! Njooni!”

Wakaja nusu ya kijiji, mke wangu mbele. Akashika mdomo.

“Baba!”

(Nikadhani ananiita mimi. Nikakaza ukosi.)

Mwizi akageuka taratibu. “Kamwene, mkwe,” akanisalimu.

Baba mkwe! Mtu ambaye nikikutana naye njiani huinamisha kichwa na kumpisha, leo nimemning'iniza kama kuku wa mnadani.

“Hii ni mianzi yangu,” akasema, bila hasira hata kidogo. “Yako umeipita, iko ng'ambo ya kijito.”

Nikapiga magoti kwenye matope. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee akakagua machipukizi, akatikisa kichwa.

“Lakini umekata vizuri. Jioni uje tena, mimi mkono umechoka.”

Nikamtazama mke wangu aniokoe.

“Nenda tu,” akasema. “Mianzi yetu ina mtu.”

Kwa hiyo kazini nimerudi, kama nilivyotaka: kibarua wa mkwe, asiye na mshahara. Naomba msicheke. Mkishindwa, chekeni mmalizie hukohuko Makambako.