Simu Yangu Inamjibu Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

...na ndiyo maana nasema wifi yangu hajui simu, anajua kupiga tu. Kila adhuhuri anabonyeza vitufe vyake, anamuuliza mama yao amekula nini, basi. Mimi nina simu janja. Wiki saba za ndoa, picha mia nne na kumi za mume wangu, zote nimezipanga kwa shati alilovaa. Leo nimekwenda mbali zaidi. Mama mkwe hupenda kuniandikia mchana, na mchana mimi niko kwenye mashine ya kutoa nakala, wateja wamenizunguka. Kwa hiyo nimeielekeza simu imjibu yenyewe, papo hapo. Nimetafuta maneno yanayofaa popote: "Amina mama yangu, nimefurahi mno kusikia hivyo. Endelea hivyo hivyo. Nakupenda." Wanaopiga nimewanyamazisha hadi saa kumi na moja jioni. Mume wangu, fundi wa friji mwenye mikono mizuri kuliko yote duniani, amenitazama nikibonyeza, akasema nina akili. Nimeyeyuka.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi. Mama mkwe ameandika kwamba mafua yamepungua. Simu imefurahi. Ameandika kwamba amepaka rangi ukuta wa jikoni. Simu imemwambia aendelee hivyo hivyo. Jioni amempigia mume wangu kunisifu: katika watoto wake wote hakuna anayemjibu upesi kama mimi, jibu langu humfikia hata miwani hajaivua. Wifi ameambiwa. Wifi ameumia. Nimeimba nikifua mashati.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono mzito. Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi mama mkwe aliteleza bafuni. Anaishi peke yake, nusu siku kwa basi kutoka hapa. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa gauni lake. Akawaza amwite nani, akanichagua mimi, kwa kuwa ndiye ninayejibu upesi. Akapiga mara tatu. Nilikuwa nimemnyamazisha. Akaandika: "Mwanangu, nimeanguka, mguu hausimami. Niko sakafuni."

Amina mama yangu, nimefurahi mno kusikia hivyo. Endelea hivyo hivyo. Nakupenda.

Akaandika: "Sijakuelewa mwanangu." Simu ikafurahi tena. Akaandika: "Haya. Asante." Ikafurahi mara ya tatu.

Hakumwita mtu mwingine. Alidhani labda ndivyo watoto wake wote wanavyomwona siku hizi. Akakaa kwenye sakafu yenye maji mpaka adhuhuri, wifi alipopiga. Wifi akampigia jirani, jirani akavunja kitasa. Mguu umeteguka, haukuvunjika.

Mume wangu amenisomea ujumbe wote kwa sauti ya chini, hadi "nakupenda" ya mwisho. Hakunigombeza. Ameosha sahani yake mwenyewe, akaipangusa, akaiweka kabatini. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Ameondoka kwa basi la kwanza kwenda kumwona mama yake. Aliniuliza kama tutaongozana. Nikasema bosi amekataa kunipa ruhusa. Sijamwomba bosi. Ningemtazamaje mama usoni?

Kazini nimemtolea mteja nakala kumi na moja za cheti cha ndoa. Alitaka mbili. Wifi ameniandikia, herufi moja moja kwa vile vitufe: "Wifi, na mimi nimejikwaa kwenye ngazi. Furahi basi." Nimestahili. Nimekaa stoo, nikalia juu ya boksi la karatasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia mama mkwe. Kwa mdomo wangu, kwa sauti yangu, nimesimama wima kama vile ananiona. Nimemwamkia shikamoo. Ameitikia vizuri tu. Hana hasira, alisema, ila ana swali moja. "Siku zile zote, mwanangu, nilikuwa naongea na nani?"

Nikamwambia ukweli: na simu.

Akauliza kama na ile "nakupenda" ilikuwa ya simu. Nikamwambia hapana mama, ile niliiandika mwenyewe, kwa moyo. Akauliza niliiandika mara ngapi. Mara moja, mama.

Amecheka kidogo, lakini si kicheko cha kunisaidia. Amesema hataki zawadi wala maneno mazuri. Anataka nikae mbele yake, nimwambie kitu kimoja, chochote, huku anauona uso wangu. Nimelia mpaka skrini imekataa kidole.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu amerudi. Amenikumbatia. Kumbe mashati yake yananukia kwao! Nimemhakikishia kwamba nimebadilika, na nimebadilika kweli. Asubuhi nzima nimekuwa nikirekebisha kosa langu. Kosa lilikuwa jibu moja kwa mambo yote. Sasa yako kumi na tisa, na simu inachagua yenyewe kwa kusoma maneno ya mama. La kuanguka lipo. La homa lipo. La mafua lina pole mbili. Hata la "uko wapi" lipo, na hilo nimeliandika machozi yakinitoka, kwa hiyo ni langu kabisa.

Sasa hivi, nikiwa nakatakata vitunguu, mama mkwe ameandika kuuliza lini ataniona. Sikuwahi hata kunawa mikono. Simu imeshamjibu, vizuri kuliko ambavyo ningeweza: "Mama yangu mpenzi, tunakuja kukuona kabla mwezi haujaisha."