Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimejitia kitanzini. Mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya familia nzima.

Ilikuwa jana, kwa mama mkwe. Anataka kwenda kumwona mdogo wake. Hawajaonana miaka sita. Kilomita mia mbili na themanini. Basi hapandi: akifungiwa ndani ya gari lolote, hata nusu saa haipiti, anatapika. Kiyoyozi akadakia. Kiyoyozi ni mwanyumba wangu, yaani kamwoa mdogo wake mke wangu. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu gari lake lina kiyoyozi na hajawahi kumaliza mlo bila kukitaja. Akasema atampeleka Mama, madirisha wazi, mwendo wa polepole.

Hapo nikasikia sauti ikisema Mama atapelekwa na Kigoda, apate hewa safi mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa yangu!

Kigoda ni pikipiki yangu ya magurudumu matatu. Majirani ndio walioipa jina: miguu mitatu, na ugumu uleule. Mbele nakaa mimi. Nyuma, katikati ya magurudumu mawili, kuna ubao wa abiria uliofunikwa kipande cha zulia.

Mama mkwe hakunitazama. Akamuuliza mke wangu kama pikipiki ya huyo mtu wake ina kiti.

Huyo mtu! Miaka kumi na moja ya ndoa, wajukuu wawili nimemletea, bati la jiko lake nimelipigilia kwa mikono hii, na bado mimi ni huyo mtu. Kiyoyozi, miaka minne tu, ni mwanangu. Mwanangu njoo, mwanangu kula, mwanangu umekonda.

Masharti yametolewa. Jumamosi atakuja kukikalia hicho kiti na kuzungushwa mtaani. Mgongo wake ukiridhika, Jumapili nampeleka. Usiporidhika, anakwenda na mwanawe. Nina siku tano za kupata kiti. Nikikipata, ataniita mwanangu. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi makochi. Mtu wa ajabu. Nilipoingia nikakaa kwenye kochi lake moja, nikadunda mara mbili, nikamwambia hili hili, linafaa. Akaniambia nimekaa dakika moja tu, na kiti hakijaribiwi kwa dakika, kinajaribiwa kwa saa. Kiti kinachokubembeleza dakika ya kwanza, anasema, saa ya pili kinakutafuna. Akaeleza: ubao mpana chini, sponji ngumu juu yake, sponji laini kidogo tu mwishoni, na mto wa kushika kiuno. Na kila saa moja watu washuke wanyooshe miguu.

Kisha akauliza dereva naye atakalia nini. Nikamjibu dereva ni mwanamume.

Akacheka, akaniambia nikiagiza leo, Ijumaa jioni kiti kiko tayari. Sikuagiza. Nimemchunguza yule fundi tangu niingie: anafanya kazi amesimama. Fundi asiyekaa atajua nini kuhusu kukaa? Isitoshe, kochi refu la nyumbani kwetu lina sponji nene, na mke wangu anarudi kutoka shuleni saa kumi.

Saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Sponji nimeitoa kwa chini, nikajaza magazeti ya zamani, nikashona. Kwa macho huwezi kujua!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wamejua.

Mwalimu mkuu wa shule anayofundisha mke wangu alipita kutusalimu. Mama mzito, mwenye heshima zake. Akachagua kochi refu. Kukatokea mlio wa karatasi, kisha akashuka taratibu mpaka magoti yakawa juu ya kifua, kikombe cha chai bado mkononi. Hakumwaga hata tone. Mimi na mke wangu tukamvuta, kila mmoja mkono wake. Gazeti likatoka naye.

Mke wangu hakugombana. Angegombana ningepumua. Aliniuliza tu, kwa upole, kama kuna kitu kingine ndani ya nyumba hii ninachopanga kukifungua.

Na sponji yenyewe haifai kitu! Nimeikalia juu ya Kigoda asubuhi. Dakika ya kwanza, raha tupu. Dakika ya ishirini nilikuwa naujua ubao ule kila msumari. Si kwamba fundi alisema kweli. Sponji imezeeka. Nimeirudisha, ila sasa kochi lina nundu upande mmoja na watoto wanaitelezea.

Kiyoyozi kapiga simu kuniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia kiti kiko tayari. Akasema yeye viti vyake vinarudi nyuma kwa kubonyeza kitufe. Nikakata, nikasingizia mtandao.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata! Nimepata! Na kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Mimi ndiye mtunza stoo ofisini kwetu. Karatasi, wino, balbu, mafagio, vyote vinapita kwangu. Leo nilimpelekea Mkuu wa ofisi boksi la kalamu nikakuta chumba kitupu. Kaenda semina mpaka Ijumaa ijayo. Na nyuma ya meza, kiti chake. Cheusi, ngozi, mgongo mrefu mpaka kichwani, mikono miwili ya kuegemea, na uvimbe mzuri pale kiunoni. Kiti kile kina cheo kikubwa kuliko mimi.

Nikafunga mlango, nikakaa. Dakika moja. Ilitosha. Mtu mwenye macho hahitaji saa nzima.

Siibi. Naandika ili ijulikane. Nimejaza fomu: kiti kinapelekwa matengenezo. Pa mwombaji nikasaini mimi, maana ndimi mtunza stoo. Pa mkaguzi nikasaini mimi, maana mkaguzi yuko likizo. Pa mwidhinishaji nikasaini kwa niaba. Mlinzi wa getini akaisoma mbele na nyuma, akanipigia saluti, kisha akanisaidia kukipandisha kwenye Kigoda. Safari ikiisha, Jumatano asubuhi mke wangu atakirudisha akienda shuleni, kabla hata vumbi halijatua. Bado hajui.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kwa fundi wa kuchomelea. Tumeng'oa ubao wa zamani, tumevua vijigurudumu vya kiti, tumekibana kwa boliti sita. Kinapendeza mno! Ukikiona unataka kupeleka ombi la likizo.

Fundi aliuliza kama kiti kinazunguka. Nikamwambia zamani kilizunguka, lakini nimeshakifunga kwa ile fimbo ya pembeni. Akauliza kama nina hakika ile fimbo si ya kupandisha na kushusha. Watu wa kazi za mikono wana maswali mengi wiki hii. Naye pia kauliza kiti cha dereva. Cha dereva kina miaka mitano na ngozi imepasuka kidogo tu. Sina muda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ndefu. Nianze mwanzo.

Saa tatu mama mkwe kafika, kajifunga kitambaa kichwani, na mkoba kifuani. Kiyoyozi naye alikuwepo, kaegemea gari lake huku mlango umefunguliwa, tayari kumpokea. Mama akakitazama kiti. Akakizunguka. Akabonyeza ngozi kwa kidole kama anayechagua parachichi. Akapanda. Nikamfunga kwa mkanda wa begi, tukaondoka.

Kona ya kwanza, kwenye duka la vifaa vya shule. Nikakata kushoto. Nikasikia nyuma kitu kinasema kwiii. Nikatazama kioo cha pembeni, sikuona uso wa mama mkwe. Niliona kisogo.

Kiti kilikuwa kimegeuka! Fimbo ilikuwa ya kupandisha na kushusha. Jasho likanitoka. Nikakata kona nyingine ili kimrudishe: kikamfikisha ubavuni, akapita mbele ya kinyozi kama picha kwenye fremu. Nikakata nyingine: kisogo tena. Watu wakaanza kupunga mikono. Nikaona naye anapunga. Nikasema kwisha habari yangu, ananiaga kabisa.

Tulirudi nikiwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Kiyoyozi alikuwa anafuta kiti chake cha mbele.

Mama mkwe akashuka polepole, akanyoosha kitambaa. Akamwambia mke wangu kwamba tangu azaliwe hajabebwa vizuri namna ile. Mgongo kimya, tumbo kimya. Na kubwa zaidi, akitazama nyuma haoni huyo mtu anavyoendesha. Kesho anakwenda na Kigoda.

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga. Kiyoyozi akafunga mlango wa gari taratibu, akasema basi atatufuata nyuma, kwa usalama wa Mama. Atufuate! Atakula vumbi langu kilomita zote.

Saa sita simu ya mlinzi. Semina imeisha mapema. Mkuu yuko ofisini, amesimama, na ameisoma ile fomu.

Nilikirudisha kiti kwa mwendo nisioutaja hapa. Mkuu akanisubiri nikipachika kijigurudumu kimoja kimoja. Akaniuliza sahihi tatu zinawezaje kuwa na mkia mmoja. Kisha akakaa, akapapasa ngozi, akaokota unywele mweupe. Unywele wa mama mkwe! Nikasema matengenezo yalikuwa ya kina. Akanipa likizo ya siku tatu ambayo sikuiomba. Barua nitaikuta nikirudi.

Saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba, Kigoda haina hata ubao. Nililia kidogo. Siyo kwa ajili ya Mkuu. Kwa ajili ya lile neno moja, lilikuwa limeshafika mdomoni kwake, karibu kabisa.

Mke wangu akatoka, akanitazama, akasema twende kwa fundi makochi. Kumbe Jumatano ileile, baada ya mwalimu mkuu kuondoka, alipita kuagiza. Ubao mpana, sponji ngumu, laini kidogo juu, mto wa kiuno. Na si kimoja. Viwili! Kimoja cha mama yake, kimoja changu. Aliniambia hakutaka kunikatisha, nilionekana nina furaha sana na mipango yangu.

Huyu mwanamke simstahili. Cha Mama tumekifunga kikitazama nyuma, kama anavyotaka. Changu nikakigeuza kuwa cha kuwekea miguu yake. Fundi akanisihi. Nikamwambia mwendo wa kilomita hizi si kitu, na miguu ya mama mkwe itaninenea mema.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika nimesimama. Daftari liko juu ya kabati la vyombo, jikoni kwa mdogo wake mama mkwe. Tumefika salama. Mama amefika salama zaidi.

Jana sikuandika chochote, maana hata kuinamia daftari kuliniuma. Kilomita arobaini za kwanza niliimba. Kufika mia, nilikuwa naendesha kwa paja moja. Mia na themanini, nimesimama juu ya vikanyagio, na watu wa barabarani wakadhani nawasalimu kwa heshima. Mama aliomba kila saa tushuke tunyooshe miguu, kama fundi alivyomwagiza kupitia mke wangu. Nikamwambia Mama apumzike tu, tutachelewa. Alikula karanga, akasinzia, akaamka, akapunga mkono kwa watoto wa shule tatu.

Na kwa saa nane alitazamana na Kiyoyozi.

Hilo sikulipanga! Kwa kuwa kiti kinatazama nyuma na Kiyoyozi alikuwa nyuma, kila alichofanya ndani ya lile gari Mama alikiona kupitia kioo, kikubwa na safi. Alimwona akichokonoa pua. Alimwona akiongea kwa simu, mkono mmoja kwenye usukani. Alimwona akila andazi lote ambalo mke wangu alimpa amletee Mama. Tulipofika Mama alimsimulia mdogo wake mlangoni kabisa, kabla ya salamu kwisha, kwamba mkwe wake yule mwenye gari hatazami barabara. Kiyoyozi alikuwa amesimama hapo hapo, makombo kwenye ndevu.

Dada hao wawili wakakumbatiana, wakalia, wakachekana mvi. Miaka sita! Nami macho yalinilowa, nakiri.

Kisha mama mkwe akageuka. Akaniona nimeshika ukuta. Akaliendea kochi kubwa la mwenyeji, akapangusa mto kwa kiganja chake mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Mwanangu, umechoka. Njoo ukae."

Miaka kumi na moja nimelingoja neno hilo. Na limekuja na kochi!

Nikakaa. Ningefanyaje? Machozi yakanibubujika. Mama akamwambia mdogo wake tazama kijana huyu alivyo na moyo mwepesi, analia kwa upendo. Nusu yake ilikuwa kweli.

Leo asubuhi mke wangu kapiga simu. Ameniambia nikirudi nikifungue kile kiti cha miguu nikiweke mbele, nikikalie, na kila saa nishuke. Nimemwambia sawa.

Lakini kesho ni kilomita mia mbili na themanini nyingine, na mimi sasa ni mtoto wa nyumba, siwezi kurudi nimekalia kiti cha miguu. Nimefikiri. Kiyoyozi ana aibu, amejifungia chumbani na amelala tangu baada ya chakula cha mchana. Gari lake liko chini ya kivuli, halijafungwa. Kiti cha dereva kinarudi nyuma kwa kitufe, na nimechungulia chini yake: boliti nne tu. Spana ninayo.

Sina pupa safari hii. Nitakikalia kwanza nikijaribu. Dakika moja inatosha.